Mwizi wa Kazini Hana Sura ya Mwizi

Mwenye biashara akisikia "ulinzi" huwaza geti, kamera na mlinzi wa usiku. Vyote hivyo vinatazama nje. Anayejua funguo zinakaa wapi na bosi husaini hundi siku gani bila kusoma yumo ndani, na kila asubuhi mnasalimiana vizuri. Sisemi hivi ili uanze kuwashuku watu wako, kwani walio wengi hawana neno. Tatizo ni mazoea yetu wenyewe, na mazoea hayo yanatokana na dhana kama hizi.

Dhana: "Huyu nimekaa naye miaka mingi, hawezi."

Ukweli: asiyeaminiwa hapewi ufunguo wa kasha. Hasara kubwa kwa kawaida hutoka kwa yule aliyeaminiwa. Rita Crundwell alikuwa msimamizi wa fedha wa mji mdogo wa Dixon, jimbo la Illinois, Marekani, tangu 1983. Mwaka 1990 alifungua akaunti ya siri iliyobeba jina la mji, na kwa zaidi ya miaka 20 akahamishia humo dola zaidi ya milioni 53. Alikuwa mfugaji maarufu wa farasi wa mashindano, na watu waliona ni biashara yake tu. Mwaka 2011 alichukua likizo ndefu, mwenzake akamshikia kazi na kuiomba benki taarifa za akaunti zote. Akakuta moja asiyoifahamu. Siri ikafichuka, na Crundwell akahukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Kwa hiyo mfanyakazi asiyechukua likizo kamwe usimsifu haraka. Mwambie apumzike, na kazi yake ishikwe kweli na mtu mwingine, isiachwe mezani ikimsubiri.

Dhana: "Mmoja mahiri akishika kila kitu, tunaokoa mshahara."

Ukweli: benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanza 1762, iliokoa hivyo hivyo. Kule Singapore, Nick Leeson alikuwa akinunua na kuuza sokoni, na papo hapo akisimamia ofisi inayohakiki biashara hizo. Hasara akazificha kwenye akaunti namba 88888. Februari 1995 benki ikaanguka kwa hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa pauni 1.

Si lazima uwe benki. Chukua malipo moja tu: nani aliomba, nani aliidhinisha, nani alilipa, nani alilinganisha na taarifa ya benki? Ukitaja jina lilelile mara nne, umepata pa kuanzia. Ofisi ikiwa ya watu watatu, mwenye mali aifungue taarifa ya benki mwenyewe kabla mhasibu hajaigusa. Orodha ya mishahara nayo aipitie mara mojamoja akitafuta majina mawili yenye namba moja ya akaunti. Wafanyakazi hewa hupenda kuishi hapo.

Dhana: "Hatari ya mfanyakazi ni wizi."

Ukweli: mwaminifu aliyechoka anaweza kukutia hasara kuliko mwizi. Inakuja barua pepe inayofanana kabisa na ya msambazaji wenu: "Tumebadilisha akaunti, tafadhali lipeni hapa." Ijumaa jioni, karani analipa. Hakuna aliyeiba ofisini, lakini pesa zimekwenda. Kinga yake ni simu moja, kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Dhana: "Mkaguzi wa mwaka atagundua."

Ukweli: mkaguzi huja kuangalia kama hesabu kwa jumla ni za kweli, hafuatilii kila risiti. Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, inaonyesha zaidi ya asilimia 40 ya kesi ziligunduliwa kwa sababu mtu alidokeza, na zaidi ya nusu ya madokezo yalitoka kwa wafanyakazi. Kwa wakaguzi wa nje hazikufika asilimia 5. Mtu wako wa stoo anajua mengi. Swali ni kama akisema atasikilizwa, au atakuwa wa kwanza kufukuzwa.

Dhana: "Ameshaacha kazi, tumemalizana."

Ukweli: nywila zake bado zinafanya kazi. Zifunge siku hiyohiyo, na benki iarifiwe kuwa saini yake imeondolewa.

Dhana: "Nikishuku, namkabili pale pale."

Ukweli: ukipaza sauti leo, kesho karatasi hazipo. Nakili kumbukumbu kwanza, zuia uwezo wa kuzifuta, mtafute mwanasheria, kisha mwite umsikilize faraghani. Na msikilize kweli, kwa maana stakabadhi iliyokukosesha usingizi huenda iliwekwa tu kwenye faili la mwezi uliopita.