Tukiisubiri Forza Horizon 6: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Septemba 25, 2025, ilipotangazwa kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show kwamba Forza Horizon 6, gemu mpya ya mbio za magari, barabara zake zitakuwa za Japani, maneno yamekuwa mengi kuliko habari zenyewe. Hamu hiyo naielewa, maana ninayo. Magari mengi tunayopanda Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yalianza safari zake Japani, na wapo vijana wanaoitambua Subaru kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona. Lakini kwenye vikundi vya wachezaji yanazunguka mambo ambayo yatamgharimu mtu pesa na bando, kwa hiyo tuyaweke sawa mapema.

“Ramani itakuwa Japani nzima.” Haitakuwa. Playground Games, studio ya Uingereza inayotengeneza mfululizo huu, haijawahi kuchora nchi nzima. Horizon 4 ya mwaka 2018 iliweka Edinburgh, Lake District na Cotswolds jirani kabisa, unafika kwa dakika chache, wakati kwenye Uingereza halisi ni safari ya saa kadhaa. Wanachofanya ni kuchagua sehemu zinazobeba sura ya nchi na kuziunganisha. Safari hii Tokyo imo na Mlima Fuji umo, na wamemshirikisha mshauri wa utamaduni, Kyoko Yamashita, ili Japani isiwe pambo la nyuma tu. Mimi hilo linanipa moyo kuliko ukubwa wowote wa ramani. Halafu kuna wanaodhani tutaendesha upande wa kulia kama kule Mexico ya Horizon 5. Japani wanapita kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Ni wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo ndio watakaohitaji kuzoea.

“Gemu ya mtandaoni haichezeki bila intaneti.” Hapa watu wanachanganya gemu mbili tofauti. Horizon 4 na Horizon 5 zina sehemu kubwa unayoweza kucheza peke yako hata mtandao ukikatika. Unachokosa ni watu wengine barabarani na mashindano ya kila wiki. Test Drive Unlimited Solar Crown, iliyotoka Septemba 2024 ikiwa na barabara za Hong Kong, ilitoka ikidai seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu mtandaoni, muda wote, hata kama unazurura peke yako usiku wa manane. Kwa mtu anayetegemea bando, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya picha au idadi ya magari. Nayo ndiyo inayotupeleka kwenye dhana inayoniuma zaidi.

“Nikishainunua ni yangu milele.” Muulize aliyenunua The Crew. Gemu hiyo ya magari ya kampuni ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014 na ilikuwa na kitu ambacho wengi hawajakisahau hadi leo: Marekani iliyofupishwa, unatoka pwani ya New York unafika Los Angeles ndani ya muda wa mechi moja ya mpira, huku jangwa, theluji na mashamba vikibadilishana dirishani. Ilidai intaneti kila wakati. Desemba 2023 ikaondolewa sokoni, na Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Aliyekuwa na diski mkononi akabaki na diski isiyofungua chochote. Baadaye wengine wakakuta hata haki ya kuifungua imeondolewa kwenye akaunti zao.

Kutokana na hilo, Ross Scott, anayetengeneza video za YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games (“acheni kuua gemu”) mwezi Aprili 2024. Ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Hawaombi seva ziendeshwe milele. Wanaomba kampuni inapoondoka, iache gemu katika hali inayochezeka. Na kelele hizo zimezaa matunda: Septemba 2024 Ubisoft iliahidi kuipa The Crew 2 namna ya kuchezwa bila mtandao, na mwaka 2025 ikaitoa.

Je, Forza iko salama? Ina afadhali, lakini nayo ina mlango wake wa kufungwa. Magari na nyimbo zilizomo hutumika kwa leseni, na leseni zina mwisho. Horizon 4 iliacha kuuzwa Desemba 15, 2024. Huduma za mtandaoni za Horizon ya kwanza na ya pili zilizimwa Agosti 2023. Tofauti na The Crew ni kwamba aliyekuwa nazo bado anaziwasha na kuendesha peke yake. Ndiyo maana kwangu swali la kwanza kuhusu Horizon 6, kabla ya kuuliza ina magari mangapi, ni kama sehemu ya mchezaji mmoja itasimama yenyewe siku seva zikizimwa.

Mengine ni ya kupita haraka. Si kweli kwamba wenye PlayStation wameachwa. Imetangazwa kwa Xbox Series X na S pamoja na kompyuta mwaka 2026, na PlayStation 5 baadaye, kama ilivyokuwa kwa Horizon 5 iliyofika huko Aprili 2025. Na usukani si lazima. Mfululizo huu unachezeka vizuri kabisa kwa pedi ya kawaida.

“Lipa mapema, usije ukaikosa.” Nakala ya kupakua haiishi dukani kwa sababu wengi wameinunua. Solar Crown iliahirishwa kutoka 2022 hadi 2023, kisha hadi 2024, na waliolipa zaidi ili waingie siku chache kabla ya wengine ndio waliokuwa wa kwanza kukutana na seva zilizoelemewa. Kusubiri wiki moja usome waliocheza wanasema nini hakukupunguzii chochote.

“Kuna toleo la simu, nimetumiwa linki.” Hili naomba lisambazwe. Hakuna toleo la Android lililotangazwa. Kurasa hizo zinafanana: picha ya gari jekundu na Mlima Fuji nyuma yake, kitufe kikubwa cha kijani, kisha unaambiwa usakinishe programu nyingine mbili au ujaze namba ya simu “kuthibitisha wewe si roboti”, au uruhusu faili lisome meseji zako. Meseji ndimo zinamopita namba za siri za benki na za pesa za simu. Angalia ukubwa wa faili tu: Horizon 5 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 110. Faili la MB 300 haliwezi kuwa na Tokyo ndani yake.