Mtandao si Intaneti

Juzi tena nimemsikia mtu mzima, msomi kabisa, akisema simu zilikuwepo tangu zamani lakini "mtandao umekuja hivi karibuni". Mtandao wa simu una zaidi ya miaka 140! Kilichochelewa ni intaneti, nayo ni mmoja tu kati ya mitandao mingi.

Maana ya mtandao kwa ufupi: vitu vingi vilivyounganishwa kiasi kwamba chochote kinaweza kukifikia kingine. Basi.

Neno lenyewe lina utamu zaidi. Linatokana na kutanda na kutandaa. Wingu hutanda, buibui hutanda utando wake, na mfumaji huanza na mtande, zile nyuzi za urefu, kabla ya kupitisha mshindio. Kompyuta haimo humo. Tena uzi mmoja hautandi. Kwa hiyo simu mbili zilizofungwa kwenye ncha za waya mmoja, kama zilivyotumika baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1876, hazikuwa mtandao. Mtandao ulianza kuonekana 28 Januari 1878 huko New Haven, Marekani, kituo kimoja cha simu kilipoanza kuhudumia wateja 21. Kumfungia kila mmoja waya wa kwenda kwa kila mwenzake kungehitaji nyaya 210. Kituoni, opereta alikuunganisha na unayemtaka, mkimaliza akawatenganisha.

Njia aliyokupa ilikuwa yenu wawili hadi mkate simu. Hata mkinyamaza, hakuna mwingine aliyeweza kuipita. Intaneti haina ustaarabu huo: hukatakata ujumbe uwe vipande vidogo viitwavyo pakiti, nazo husukumana njiani na pakiti za wengine. ARPANET ya mwaka 1969, mtandao wa kompyuta wa Marekani ulioizaa intaneti, ilipita kwenye laini za kukodi za kampuni ya simu. Intaneti ilianza kama mpangaji kwenye mtandao wa simu, na siku hizi mpangaji ndiye mwenye nyumba. Kizazi cha nne cha simu za mkononi (4G), kilichoanza kutoa huduma Stockholm na Oslo mwaka 2009, kiliundwa kwa ajili ya pakiti, kwa hiyo humo hata sauti yako hukatwakatwa. Nakiri, hapo mtu kuchanganya ana kisingizio.

Lakini akikwambia "sina mtandao", muulize kwa upole: simu haishiki kabisa, au bando limekwisha?