Je, wajua kwa nini risasi ikifunguliwa ganda na kichwa vinarudi kazini ila baruti inaenda kuchomwa?

Kuna watu wanajaza risasi zao wenyewe, hasa wawindaji na wapiga shabaha, yaani ganda likishapigwa hawatupi, wanalisafisha, wanaweka fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti mpya na kichwa kipya (kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha), kazi inaendelea. Sasa inatokea mtu anaachiwa boksi la risasi za bunduki zilizojazwa na mtu mwingine, labda mwenyewe ameshafariki, karatasi ya boksi imechanika na hakuna anayejua ndani mliwekwa nini. Hizo hazipigwi hata kidogo, zinafunguliwa moja moja. Swali ni je, vile vitu vinne vinavyotoka humo vyote vinafaa tena?

Hapana. Kinachofaa ni kile unachoweza kukitambua kwa kukipima na kukikagua, basi.

Kufungua kwenyewe wengi wanatumia nyundo maalumu ya plastiki, risasi inakaa ndani ya kichwa cha nyundo halafu unagonga kwenye kitu kigumu, nyundo inasimama ghafla ila kile kichwa cha risasi kwa uzito wake kinataka kuendelea mbele, kinachomoka na kudondokea humo humo pamoja na baruti. Miwani ya kukinga macho lazima, hilo halina mjadala. Risasi iliyokaa miaka mingi inaweza kugoma kabisa, kwa sababu kichwa na shingo ya ganda vimeshikana kama vimechomelewa, kwa hiyo mzoefu anakisukuma kwanza ndani kidogo kwa mashine yake ya kujazia risasi, unasikia tak, ule mshiko umekatika, ndio anarudi kwenye nyundo.

Kichwa hakina shida sana. Ni risasi (madini yenyewe) iliyovikwa shaba, haiozi, unakiweka kwenye mizani, unapima kipenyo, kama hakijachubuka vibaya wala ncha haijabondeka kinafaa, angalau kwa mazoezi.

Ganda ndio tamu zaidi kwangu. Ni shaba ya njano, yaani takribani asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, na mchanganyiko huo umechaguliwa kwa sababu baruti ikiwaka ganda linatanuka na kuziba chemba (sehemu ya bunduki risasi inapokaa) gesi isirudi nyuma, halafu presha ikishuka linanywea kidogo na kutoka bila kukwama. Ila kila likitanuka na kubanwa tena linazidi kuwa gumu, mwisho shingo inapasuka, ndio maana watu wanaipasha moto shingo tu ili ilainike. Na usidhani ganda ambalo halijapigwa haliwezi kuharibika. Jeshi la Uingereza huko India karne ya 19 lilikuta maganda yamejipasukia yenyewe majira ya mvua, kumbe yalihifadhiwa jirani na farasi, amonia ya mikojo ikawa inaila shaba iliyo kwenye mkazo, na maelezo kamili ya kisayansi yalikuja kutolewa 1921. Kwa hiyo kagua shingo kwenye mwanga mzuri, ukiona ufa hata wa unywele, tupa.

Fataki inaweza kubaki ilipo kama ganda ni zima na unajua ni ya aina gani. Wengine wanaitia mafuta wakiamini wameiua, jamani, hiyo si ya kutegemea, inaweza kukauka na kuwaka vizuri tu.

Sasa baruti. Hii ya kisasa isiyo na moshi ilianza na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, msingi wake ni nitroselulosi (nyuzi za mimea kama pamba zilizotiwa asidi ya nitriki), na tangu hapo zimetengenezwa aina nyingi mno, kuna za vijiti, za vibapa, za vipunje vya mviringo, na kasi ya kuungua ya kila moja ni tofauti. Baruti ya bastola inaungua haraka, ya bunduki inaungua taratibu ili presha ipande kwa mpangilio, na zikiwa kiganjani mbili zinaweza kufanana kabisa kwa rangi na umbo. Risasi ya .30-06, aina moja ya risasi za bunduki, kikomo chake cha presha ni psi 60,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), sasa weka baruti ya haraka kwa kipimo cha ile ya taratibu, bunduki inapasuka usoni kwako. Mizani itakuambia uzito tu, jina haikuambii. Hata zikitoka boksi moja, nani kakuhakikishia zote zilijazwa siku moja kwa baruti moja?

Kama ni risasi zako mwenyewe, ulizijaza juzi, umeandika aina ya baruti na kopo bado lipo, hapo baruti unarudisha kopo lile lile bila wasiwasi, na mimi naona hiyo ndiyo hali pekee inayokubalika. Tena hata inayojulikana inazeeka, dawa ya kuituliza ndani yake ikiisha inaanza kutoa asidi, unasikia harufu kali ya kuchoma pua, unaona vumbi jekundu na ganda limeota kijani kwa ndani. Ikifika hapo, au kama aina yake haijulikani, hairudi popote. Inatandazwa nyembamba, kidogo kidogo, sehemu ya wazi mbali na majani makavu, inachomwa ukiwa umesimama mbali, na haichomwi ndani ya chombo kilichofungwa.