Kubana fungu la mishahara ya serikali: Ireland ilivyofanya

Fungu la mishahara ni idadi ya watumishi mara wastani wa malipo yao. Uchumi ukianguka, makusanyo ya kodi hushuka upesi, lakini fungu hilo halishuki lenyewe. Serikali hubaki na njia mbili: kukata malipo au kupunguza watu. Ireland ilizitumia zote baada ya benki na soko la nyumba kuporomoka mwaka 2008.

Ilianza na malipo. Machi 2009 watumishi walianza kukatwa makato mapya ya pensheni. Mshahara kwenye karatasi ulibaki uleule, kilichopungua ni fedha mkononi. Januari 2010 ukaguswa mshahara wenyewe, kwa ngazi: 5% ya euro 30,000 za kwanza kwa mwaka, 7.5% ya 40,000 zinazofuata, 10% ya 55,000 za juu yake. Waliolipwa 125,000 na zaidi walikuwa na viwango vyao. Mwenye 50,000 alipoteza 1,500 kwenye ngazi ya kwanza na 1,500 kwenye ya pili, jumla 3,000, yaani 6%. Mwenye 100,000 alipoteza 7,500.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Serikali haikuokoa 3,000 zote. Kwa mtumishi aliyefikia kiwango cha kodi cha 41%, zaidi ya 1,200 kati yake zilikuwa zikirudi Hazina tangu zamani, kama kodi na makato. Akiba inayotangazwa bungeni huwa ya jumla, kabla ya kutoa kodi hiyo.

Upande wa ikama, yaani idadi ya watumishi, Machi 2009 zilisitishwa ajira mpya na kupandisha vyeo. Anayestaafu au kuacha kazi, nafasi yake haikujazwa ila kwa kibali. Mkataba wa Croke Park wa 2010 na vyama vya wafanyakazi uliahidi kutokata mishahara tena na kutomwachisha mtu kazi kwa lazima; nao watumishi wakakubali kuhamishwa na kubadilishiwa taratibu za kazi. Watumishi takriban 320,000 wa 2008 wakashuka chini ya 290,000 kufikia 2013.

Tatizo la njia hii ni kwamba nafasi inayofutika ni ile iliyoachwa, hata kama ndiyo inayohitajika zaidi. Ofisi yenye wazee wengi hukauka, ya jirani yenye vijana haiguswi. Ndiyo maana walimu wa darasani na baadhi ya kada za afya waliondolewa kwenye zuio. Hata hivyo, waliostaafu kabla ya Februari 2012 kwisha walikokotolewa pensheni kwa mshahara wa kabla ya kupunguzwa Januari 2010, basi wenye uzoefu wakakimbilia mlangoni kwa pamoja.

Walioajiriwa kuanzia Januari 2011 waliwekwa kwenye viwango vya chini kwa 10%. Walimu wawili wa shule moja na somo moja wakawa na mishahara miwili, na vyama vyao viliendelea kugoma kwa ajili ya pengo hilo miaka mingi baada ya uchumi kuinuka.