Acheni kulinganisha kaya zinazopata hela ya serikali na zisizopata

Jamani nimetumiwa tena ile chati. Ile ya nguzo mbili, moja kaya zinazopokea hela ya serikali, nyingine kaya maskini zisizopokea, na ile ya wanaopokea ndo iko juu kwa ukosefu wa uhakika wa chakula, alafu chini mtu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hela haisaidii, tena inawafanya watu wazidi kuwa na njaa. Kazi yangu ni kuchambua dodoso za kaya, hizi data za chakula nashinda nazo, na hii chati imenichosha. Wanaoisambaza sio wajinga, wengine wana sauti kwenye bajeti, ndo maana inaniuma.

Tuanze na jambo moja. Hakuna mama ambaye mambo yake yako sawa anaamka tu na kwenda kupanga foleni ya msaada, ajaze fomu, aulizwe baba wa mtoto yuko wapi, apeleke karatasi, arudishwe, apeleke tena. Watu wanaomba wakishaanza kuzama: kazi imekatika, mume kaondoka, mtoto kazaliwa, kodi ya nyumba imelala miezi. Yaani njaa ndo iliyompeleka kwenye msaada. Ukipima wanaomeza dawa ya malaria utakuta wana homa kuliko wasiomeza, na hakuna atakayesema dawa ndo imeleta homa. Kwenye hela lakini tunasahau.

Na tafadhali usiniambie "tumekontroli kipato", yaani mmelinganisha kaya zenye kipato sawa. Kipato cha mwaka mzima hakikuambii kazi ilikatika mwezi gani, hakikuambii madeni, hakikuambii kama huyu ana dada wa kumkopesha na yule hana mtu. Chukua kaya mbili zenye kipato sawa kwenye karatasi, watoto sawa, elimu sawa, moja imeomba msaada na nyingine haijaomba. Kile kilichoifanya moja iombe ndo hicho hicho kinachopandisha njaa yake, na hakimo kwenye data yako. Unaweza kuongeza vigezo ishirini kwenye modeli na bado hutakishika. Ongezea na hili, watu wengi wanaopokea msaada wakihojiwa hawasemi kama wanapokea, kwa aibu au kwa kusahau, Marekani hili limeshapimwa kwa kulinganisha dodoso na kumbukumbu za malipo yenyewe, kwa hiyo kundi lako la "wasiopokea" lina wapokeaji ndani yake. Hapo unalinganisha nini na nini?

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaongea kuhusu asilimia ya kaya zisizo na uhakika wa chakula kama vile ni uzito wa mizani.

Dodoso la Marekani la uhakika wa chakula, ambalo madodoso mengi ya nchi nyingine yamejifunza kwake, lina maswali 18 kwa kaya yenye watoto. 10 ni ya watu wazima na kaya kwa ujumla, 8 ni ya watoto. Linaanza na hofu, yaani kama mlihofia chakula kitaisha kabla hamjapata hela ya kununua kingine, linapanda polepole mpaka kufikia mtoto kukaa siku nzima bila kula. Ukijibu ndiyo kwa maswali 3 au zaidi, kaya inahesabiwa haina uhakika wa chakula. Kuanzia 8, hali ni mbaya zaidi.

Sasa fikiria kaya iliyokuwa na ndiyo 7. Mama alikuwa anaruka mlo ili watoto wale, chakula kilikuwa hakitoshi, sahani za watoto zimeanza kukosa vitu. Hela ikaingia. Sasa zimebaki 3: bado ana hofu mwisho wa mwezi, bado hawali walivyotaka, lakini halali tena na njaa. Kwenye ripoti hiyo kaya haijabadilika hata kidogo! Ilikuwa "haina uhakika", imebaki "haina uhakika". Mtu anachukua asilimia hiyo anasema programu imefeli. Hiyo tofauti kati ya 7 na 3 ndo maisha yenyewe, ndo mama kula usiku, na kipimo cha ndiyo au hapana kimeifuta yote. Nikiambiwa programu haikufanya kitu huwa naomba kuona mgawanyo wa majibu kabla sijaongea lolote.

Kuna na suala la muda. Swali la kawaida linauliza miezi 12 iliyopita, na kule Marekani linaulizwa Desemba. Aliyelala njaa Februari na akaanza kupata hela Oktoba, Desemba atajibu ndiyo, na atakuwa amesema ukweli mtupu. Anaingia kwenye data kama mpokeaji mwenye njaa. Njaa ilikuja kabla ya hela ila kwenye jedwali wamekaa mstari mmoja, na chati ya nguzo mbili haijui kipi kilitangulia.

Kingine nitapita haraka: njaa ya watoto haionekani mapema kwa sababu wazazi wanaikinga kwa miili yao. Ukitafuta athari ya hela kwenye maswali ya watoto peke yake utakuta ni kidogo, kwa vile watoto ndo wa mwisho kuguswa. Angalia mama.

Kwa hiyo tunajuaje kama hela inasaidia? Unatafuta hali ambapo hela imefika kwa sababu isiyohusiana na shida ya kaya. Mwaka 2021 Marekani ilifanya kitu cha namna hiyo, ile nafuu ya kodi ya watoto ilipanuliwa na kuanzia Julai mpaka Desemba familia nyingi zikawa zinaingiziwa hela kila mwezi, dola 300 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6 na 250 kwa wakubwa zaidi mpaka 17, hata wazazi wasio na kipato walipata. Hakuna aliyesubiri azame ndo aombe. Watafiti waliofuatilia dodoso za kila wiki chache walikuta kaya zenye watoto zilizosema chakula hakitoshi zimepungua kwa takriban robo. Na kwenye lile dodoso kubwa la Desemba, kaya zenye watoto zisizo na uhakika wa chakula zilikuwa asilimia 14.8 mwaka 2020, zikashuka 12.5 mwaka 2021. Malipo yakakatwa, 2022 ikaruka mpaka 17.3.

Nitakuwa mkweli, sio yote ni ya hela hiyo. 2021 kulikuwa pia na malipo ya mkupuo ya korona, posho ya SNAP, ile ya kununulia chakula tu, iliongezwa, na 2022 bei zilipanda vibaya. Mtu akiniambia nitenganishe kila kitu kipande kwa kipande siwezi, na sidhani kuna anayeweza kwa usafi kamili. Ila zile dodoso za mara kwa mara zinaonyesha kushuka kulianza mara tu malipo yalipoanza, tena kwa wenye watoto zaidi ya wasio na watoto, na hilo bei haziwezi kulieleza.

Ukitaka safi zaidi nenda Zambia. Mwaka 2010 serikali ilianza ruzuku kwa kaya zenye watoto wa chini ya miaka 5, bila masharti, na kwa ajili ya tathmini maeneo yakapangwa kwa bahati nasibu, mengine yakaanza mapema na mengine yakasubiri. Hapo shida ya kaya haina nafasi ya kuchagua nani apate kwanza. Uhakika wa chakula ulipanda, na kwa wale wenye hofu kwamba watu watazaa ili walipwe, uzazi haukuongezeka.

Alafu kuna swali ambalo chati haiulizi kabisa, hela yenyewe ni kiasi gani? TANF ndo msaada wa hela taslimu kwa familia maskini zenye watoto Marekani, ulianzishwa 1996, na fungu la serikali kuu ni lile lile la dola bilioni 16.5 kwa mwaka tangu hapo, bila kuongezwa hata kwa mfumuko wa bei. Mwaka 1996 katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilifikiwa na msaada wa hela. Miaka ya karibuni ni kama 21. Majimbo yanaruhusiwa kupeleka fungu hilo kwenye mambo mengine na yanafanya hivyo. Mississippi mama mwenye watoto wawili anapata dola 260 kwa mwezi akipata kiwango cha juu kabisa, na hiyo ni baada ya kuongezwa mwaka 2021 kutoka 170. Ukikuta familia hiyo bado haina uhakika wa chakula, umejifunza kwamba 260 haitoshi. Kuhusu hela kwa ujumla hujajifunza kitu.

Ninapokwama mimi ni hapa. Kuna utafiti mzuri unaoonyesha dola ya SNAP inaongeza manunuzi ya chakula kuliko dola ya taslimu, kwa mbali. Wapinzani wa hela wanaushika huo. Mimi naona taslimu inaenda kwenye kodi na umeme na nauli, ambavyo ndo vilikuwa vinakula hela ya chakula, kwa hiyo njaa inapungua hata kama risiti ya duka haijanenepa. Lakini inapungua kiasi gani kwa kila dola, na kama mkupuo mmoja ni bora kuliko kidogo kidogo kila mwezi, majibu yanabadilika kulingana na nani kapima na wapi, na mtu akikupa namba moja ya uhakika kwa nchi zote mwangalie vizuri.

Kinachonipa hasira kuliko chati ni kwamba Septemba 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza inasitisha ripoti yake ya kila mwaka ya uhakika wa chakula, ambayo data zake zilikuwa zinakusanywa tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni miezi michache tu baada ya sheria ya Julai 2025 iliyopunguza SNAP. Makosa yote niliyoyataja hapo juu tuliweza kuyaona na kuyasahihisha kwa sababu zile data zilikuwepo, za kaya za aina ile ile, swali lile lile, mwaka baada ya mwaka. Ripoti za namna hiyo zikikatika, wenye chati za nguzo mbili wataendelea kuzichora, ila wa kuwajibu hatakuwa na cha kushika.