Kwa nini Anarkali anapata rangi katikati ya picha?

Je, wajua kwamba Mughal-e-Azam, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1960, ilipotoka ilikuwa nyeusi na nyeupe karibu yote?

Mimi sikujua. Nilikuwa Ilala kwa shangazi, namwonyesha kwa simu nakala yenye rangi mwanzo mpaka mwisho. Akairudisha simu. "Hii siyo. Rangi ilikuja alipoimba."

Kisa chenyewe, kama hukukitazama: Salim (Dilip Kumar), mrithi wa Mfalme Akbar, anampenda Anarkali (Madhubala), kijakazi mcheza densi wa kasri. Baba hataki kusikia kijakazi akiitwa malkia. Mwana yuko radhi kiti cha enzi kipotee.

Sababu ya rangi ni pesa. Mwongozaji K. Asif aliitengeneza picha hii kwa zaidi ya miaka kumi, na humo katikati filamu za rangi zikaanza kuenea India. Akaupiga wimbo mmoja kwa rangi, ukamkolea, akataka arudie picha nzima. Wenye fedha, ambao walishachoka kungoja, wakakataa. Basi rangi ikabaki kwenye wimbo huo na sehemu za mwisho.

Lakini tazama ilipoangukia! Kwenye ukumbi wa vioo vilivyoagizwa Ubelgiji, Anarkali anamwimbia Akbar usoni, Pyar Kiya To Darna Kya, yaani umeshapenda, sasa waogopa nini? Mpenda taarabu wa Dar haambiwi: hicho ni kijembe, tena cha hadharani, mbele ya wakubwa wote. Mara vioo vya darini vinamjaa yeye. Anazunguka mara mia juu ya kichwa cha mfalme, na Akbar hana pa kupeleka macho. Mpaka hapo kasri lote lilikuwa la kijivu, na aliyekuja na rangi ni mtumwa.

Mwaka 2004 picha yote ikatiwa rangi ikarudi kumbini. Inapendeza, sikatai, ila mshtuko ule umezama humo.

Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikageuza kioo kiwe cheusi na cheupe. Shangazi akatulia, miwani puani. Vioo vya ukumbi vilipotokea akanigonga goti.

"Haya, rudisha."