Kasaripi na pepapoti ya Krismasi: mambo ya kuzingatia

Krismasi inapokaribia, maswali kuhusu pepapoti huongezeka, na mengi yanaonyesha kwamba walaji wanaujua utamu wake kuliko kilichomo. Mchuzi huu mweusi wa nyama, ambao Guyana, Amerika Kusini, huliwa asubuhi ya Krismasi kwa mkate wa kusuka, ulianzia kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Leo hupikwa pia na Waguyana wenye asili ya Afrika, India, China na Madeira, kila nyumba na nyama yake. Wasiokula nguruwe huweka ng'ombe au kuku. Hapo hatuna neno. Tatizo ni kasaripi, kiungo kinachoupa mchuzi huu weusi wake.

Kasaripi si sosi ya soya, wala si sukari iliyounguzwa. Ni maji ya mhogo mchungu yaliyochemshwa hadi yakawa meusi na mazito kama asali. Mhogo humenywa, hukwaruzwa, na chicha hujazwa kwenye matapi, ambalo ni kama kifumbu cha kuchujia tui, ila ni refu na jembamba. Likivutwa chini hujibana na kukamua. Chicha huwa mkate wa mhogo. Maji yaliyotoka ni sumu.

Yaache yatulie saa kadhaa kabla ya kuyabandika. Wengi hudhani kusubiri huko ni kwa ajili ya wanga uzame tu. Sivyo. Sumu yenyewe, sianidi, imefungwa ndani ya linamarini, kemikali ya asili ya mhogo, na kinachoifungua ni kimeng'enya cha mhogo wenyewe. Ikishafunguliwa huruka kwa urahisi, maana huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Ukikimbilia moto mkali mara baada ya kukamua, unaua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki sufuriani. Kisha chemsha nje, bila kifuniko, na usiinamie mvuke. Ulimi si kipimo: uchungu ukipungua haina maana sumu imekwisha.

Jikoni, kwa kilo 2 za nyama na kwato, anza na nusu kikombe cha kasaripi, mdalasini, karafuu, ganda la chungwa na pilipili, upike polepole kama saa 3 hadi kwato zilainike. Usitie unga, viazi wala ndizi. Wanga huchachusha chungu.

Na tafadhali, tumelisema mara nyingi: kasaripi, ingawa husifiwa kuhifadhi nyama, haikupi ruhusa ya kusahau chungu juu ya jiko. Desturi ya kukiacha siku kadhaa ilikwenda na kuchemsha mchuzi wote kila siku, utokote hadi katikati, na kuchota kwa upawa safi. Kupasha moto vuguvugu kunawapa bakteria joto walipendalo, na baadhi ya sumu zao haziharibiwi na moto hata ukichemsha baadaye. Ushauri wetu ni jokofu, chini ya nyuzi 5, katika vyombo vifupi ili mchuzi upoe haraka.

Kwa wauzaji: Guyana ina Sheria ya Chakula na Dawa ya mwaka 1971. Kasaripi iliyotiwa kwenye chupa kuukuu ya ramu bila lebo haionyeshi nani kaitengeneza, lini, wala kwa mhogo gani, kwa hiyo mlaji akidhurika hakuna pa kuanzia kufuatilia. Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo, ujazo, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kibandiko cha "ya nyumbani" hakijazi hata kimoja kati ya hivyo.